Gari Limetoka Wapi? Ilani ya Msuko

Mchezo wetu wa kwanza uliuawa na gari.

Tulikuwa tumeandika kisa cha ndugu wawili wanaogombea shamba la marehemu baba yao. Maonyesho ya mwanzo yalikwenda vizuri. Ukumbi ulitulia, hata watoto waliokaa mkekani mbele ya jukwaa. Shida ilikuwa mwisho. Kaka mkubwa alikuwa ametuzidi akili, na hatukujua tumtoe vipi. Basi tukamtoa barabarani. Nyuma ya pazia mmoja wetu akapiga honi, mwingine akaburuta bati sakafuni liwe breki, watatu wakaangua kilio. Kaka akaletwa amelazwa juu ya mlango wa mbao, amekwisha kufa. Tulitazamia machozi, tukapata vicheko. Vilipopungua, bibi mmoja wa safu ya pili, aliyekuja kumtazama mjukuu wake akiigiza, akauliza kwa sauti iliyofika kila kona: "Hilo gari limetoka wapi?"

Hakuna aliyemjibu usiku ule. Ilani hii ndiyo jibu letu.

Baadaye tuligundua kwamba bibi yule alikuwa na mwenzake. Aristotle, aliyezaliwa Stagira kaskazini mwa Ugiriki mwaka 384 K.K. na kufariki mwaka 322 K.K., aliacha kitabu kidogo juu ya sanaa ya ushairi, Poetika. Kilichobaki ni sura 26, tena kavu, kama maandalizi ya mwalimu anayejua atayanogesha darasani. Katika sura ya 15 anaagiza kwamba fundo la kisa lifunguliwe na kisa chenyewe, lisifunguliwe kwa mtambo. Mfano wa kosa anaoutaja ni Medea ya Euripides, iliyooneshwa Athens mwaka 431 K.K. Medea amewaua wanawe ili kumchoma moyo mume aliyemwacha. Mume amefika mlangoni, na njia ya kutoka hakuna. Ghafla mtambo wa kuinulia unamwonesha juu ya paa, ndani ya gari alilopewa na babu yake, Jua, naye anakwenda zake.

Gari! Limetoka wapi?

Sisi ni waandishi, waigizaji, walimu na wasomaji tuliokubali kwamba swali hilo ndilo la kwanza katika kazi yetu. Hatuna ofisi wala mhuri, na jina bado hatujajipa. Tunayo mambo sita tunayoyashikilia, na ahadi tunazotaka tudaiwe.

1. Tanzia si tangazo la kifo

Neno tanzia tulilijua redioni kabla hatujalijua darasani. Lilikuja kwa sauti ya taratibu: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo, mazishi saa kumi alasiri. Neno hilohilo likapewa kazi ya pili, kuutaja mchezo ambao Wagiriki waliuita tragodia, na likahamia jukwaani pamoja na jeneza lake. Muulize mwanafunzi tanzia ni nini, atakujibu kwamba ni mchezo ambao mhusika mkuu anakufa. Na mwandishi aliyekuwa mwanafunzi huyo, akitaka kuandika tanzia, huanza kwa kutafuta maiti.

Si sisi wa kwanza kupotezwa na neno. Katika karne ya 10, huko Baghdad, Abu Bishr Matta ibn Yunus alikihamisha kitabu cha Aristotle kutoka Kisiria kwenda Kiarabu. Ushairi alioujua haukuwa na jukwaa, kwa hiyo tragodia akaiita ushairi wa kusifu, na komedia akaiita ushairi wa kukashifu. Karne mbili baadaye Ibn Rushd wa Andalusia aliandika ufafanuzi wake juu ya msingi huohuo. Hawa walikuwa mabingwa, na bado neno moja liliwapeleka pembeni.

Tuangalie michezo yenyewe. Mwisho wa mchezo wa Sophocles, Oedipus yu hai: amejitoboa macho na anaomba afukuzwe mjini. Medea anaondoka mzima. Na katika sura ya 14 Aristotle anakiweka juu kabisa kisa ambamo Iphigenia, kuhani katika nchi ya ugenini, anamwandaa mgeni kwa kafara, kisha anatambua kuwa ni kaka yake, na damu haimwagiki. Kwa Wagiriki hiyo nayo ilikuwa tanzia. Kinachoifanya tanzia ni njia iliyowafikisha watu pale penye kisu, kishuke kisishuke.

2. Msuko ndio roho

Aristotle anahesabu viungo sita vya tanzia: msuko, wahusika, lugha, fikra, wimbo na yale yanayoonekana kwa macho. Msuko anauweka mbele na kuuita roho ya tanzia. Wahusika ni wa pili. Rangi nzuri zilizopakwa ovyo, anasema, hazipendezi kama mchoro wa mistari mitupu.

Sasa fungua daftari la fasihi la kidato chochote. Utakuta dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo, kila kimoja na kurasa zake. Chini kabisa, kabla ya kengele kulia, utakuta mstari mmoja: mwandishi ametumia muundo wa moja kwa moja. Roho imepata mstari mmoja. Ndiyo maana tumekuwa na michezo ambayo watu husimama na kuhutubiana juu ya rushwa, ukimwi na elimu ya mtoto wa kike, mambo mazito yanayostahili zaidi ya hotuba, huku hakuna anayemtendea mwenzake jambo lisilorudishika. Mwandishi anamwandikia mtahini. Anapanda ujumbe ili uvunwe.

Lugha yetu haikuwa na kosa hilo. Msuko umetokana na kusuka. Mtazame mama anayesuka ukili. Kila mwaa unapita juu ya mwenzake na chini ya mwingine, na mmoja unapokaribia kwisha anapachika mpya mapema, chini ya ile inayoendelea, ili kiungo kisionekane. Akiruka mmoja, kosa halionekani papo hapo. Linaonekana mbele, ukili unapoanza kupinda, na hapo dawa ni kufumua hadi pale alipokosea. Hakuna anayeunyoosha ukili uliopinda kwa kuutolea hotuba.

Wagiriki walipenda mfano wa fundo. Tangu mwanzo hadi bahati inapogeuka, mtunzi anafunga. Kutoka hapo hadi mwisho, anafungua. Wengi, Aristotle anaona, hufunga vizuri na kufungua vibaya. Alitujua.

3. "Kisha" haitoshi

Kiswahili kina kiambishi kitamu kinachotutega: -ka-. Akaondoka, akafika, akamkuta, akalia. Kiambishi hiki huyapanga matukio kwenye foleni, lakini mara nyingi hakisemi nani amemsukuma nani. Msimulizi stadi huijaza sababu kwa jicho na kwa sauti. Mwandishi mvivu huiachia -ka- ifanye kazi yote.

Katika sura ya 10 Aristotle anasema pana tofauti kubwa kati ya jambo kutokea kwa sababu ya jingine na kutokea baada ya jingine tu. Michezo ambayo matukio yake yanafuatana bila kuzaana anaiweka mkiani kabisa. Kwa hiyo kipimo chetu ni chepesi: kila penye "kisha", weka "kwa sababu hiyo". Sentensi ikigoma, hapo pana gari.

Wala tusijifiche nyuma ya maneno "kisa hiki ni cha kweli". Ukiiweka historia ya Herodotus katika beti, anasema sura ya 9, itabaki historia. Historia inaeleza alichotenda mtu mmoja, tuseme Alcibiades. Ushairi unaeleza jambo ambalo mtu wa namna fulani angelisema au kulitenda, kwa kuelekea au kwa kulazimika. Ajali hutokea barabarani kila siku na hazidaiwi maelezo. Jukwaani zinadaiwa.

Hata hivyo hatuifukuzi bahati. Sura hiyohiyo inasimulia sanamu ya Mitys katika mji wa Argos: muuaji wa Mitys alikuwa akiitazama, nayo ikamwangukia ikamuua. Ni ajali, lakini akili inakataa kuiita hivyo. Hapo ndipo tulipolielewa gari letu. Laiti lingekuwa limenunuliwa kwa pesa za shamba lilelile, na usukani kaushika mdogo mtu, bibi asingeuliza kitu. Angejishika kichwa.

4. Anayeanguka awe mtu wa kukosa

Mtu mwema kabisa akiangamizwa tunachukia tu. Mwovu akiangamia tunaridhika na kwenda kulala. Anayetushika koo ni yule wa katikati, anayeanguka kwa kile Wagiriki walichokiita hamartia. Wengi wamelifasiri neno hilo kuwa dhambi, au doa la tabia. Asili yake ni kitenzi cha mpiga mshale ambaye mshale wake haukufika kwenye shabaha. Nasi tunacho kitenzi hicho: kukosa. Anayemkosa ndege na anayemkosea mzazi wanatumia mzizi mmoja. Tunaomba walimu wasihangaike: hamartia ni kosa, na Kiswahili kinalijua tangu zamani.

Soma Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi ya mchezo ule wa Oedipus, iliyotoka mwaka 1971, ufike pale mjumbe anapoingia kutoka Korintho. Ni mzee mwema, na anatumaini atapata chochote kwa habari njema aliyobeba. Mfalme Polybus amefariki, anasema, na watu wa kule wanamtaka Oedipus awatawale. Oedipus anashusha pumzi: waaguzi walimwambia atamuua baba yake, na sasa baba amekufa kwa uzee. Bado anamwogopa mama, Merope, kwa kuwa utabiri ulisema atamwoa. Mzee anacheka hofu hiyo. Merope si mama yako, anamwambia. Mimi mwenyewe nilikupokea ungali mtoto mchanga, kutoka kwa mchungaji, miguu yako imetobolewa.

Amesema hivyo ili amtulize. Jocasta, mke wa Oedipus, anaelewa kabla ya mumewe, anamsihi asiulize zaidi, kisha anaingia ndani. Oedipus anaendelea kuuliza. Katika mazungumzo hayo mafupi bahati inageuka na mtu anajitambua, vyote kwa pamoja, na hiyo ndiyo sababu Aristotle anaurudia mchezo huu mara kwa mara. Hakuna kilichodondoka kutoka juu. Kila neno limetoka kinywani mwa mtu mwenye haja yake, na wema wa mfalme yule, kuuliza hadi mwisho kwa ajili ya mji wake, ndio unaomwangusha.

Sura ya 14 inaongeza kwamba adui akimuua adui hatushtuki sana. Tunashtuka mkono unapotoka ndani ya nyumba. Pwani yetu ililihifadhi hilo bila kusoma Kigiriki. Fumo Liyongo hakushindwa na jeshi. Alishindwa na sindano ya shaba iliyoingia kitovuni, na aliyeishika ni mwanawe, aliyeahidiwa mke. Na Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile ya mwaka 1969, alimpa shujaa wake kosa la namna hiihii: mtu anatoa neno ili kuwaunganisha watu, neno linakua kupita kimo chake, na hawezi tena kulirudisha.

5. Haluli au udhu

Kwa nini tuwalize watu? Plato, mwalimu wa Aristotle, aliona hatari. Katika kitabu cha 10 cha Jamhuri anasema ushairi hunywesha maji hisia ambazo ingefaa zikauke, na washairi wa namna hiyo hawana nafasi katika mji wake. Lakini aliacha mlango wazi: wapenzi wa ushairi waje, kwa lugha ya kawaida isiyo ya beti, watuoneshe kwamba mbali na kupendeza una faida. Poetika inasomeka kama jibu la mwanafunzi wake.

Jibu lenyewe lina neno moja gumu, katharsis. Tanzia, kwa huruma na hofu, inaleta katharsis ya hisia za namna hiyo. Halielezwi zaidi. Wasomaji wamegawanyika pande mbili, na kila upande una ushahidi, kwa kuwa neno lilitumiwa na waganga na pia mahekaluni. Kwa mganga ni haluli: unakunywa, tumbo linakwenda, unapata nafuu. Hekaluni ni kama udhu: unatawadha ili uweze kusimama mahali patakatifu.

Sisi tunachagua udhu, na sababu yetu inatoka Athens yenyewe. Mwaka 494 K.K. Waajemi waliuteka mji wa Mileto, mji ndugu wa Waathene. Phrynichus akautungia mchezo. Herodotus anasimulia kwamba ukumbi mzima uliangua kilio, kisha mji ukamtoza mtunzi faini ya drakma 1,000 na kuupiga mchezo marufuku, maana amewakumbusha msiba wao wenyewe. Hiyo ilikuwa haluli. Mwaka 472 K.K. Aeschylus, aliyepigana na Waajemi hao kule Marathon, aliwapeleka Waathene hadi ikulu ya adui, wakamwona mama yake mfalme akingoja habari za jeshi lililokwisha angamia. Huruma kwa mama wa adui! Mchezo ukashinda. Anayelia kwa ajili ya jirani aliyemshinda vitani ametoka ukumbini akiwa safi kuliko alivyoingia, na kazi hiyo haifanywi na hotuba.

6. Mwalimu si mtume

Kitabu hiki hatukipokei kama msahafu. Katika sura ya 15 mwandishi wake anasema mwanamke ni duni na mtumwa hafai kitu. Tunayakataa maneno hayo bila kuyafunika, na tunakumbusha kwamba jukwaa la Athens lilikuwa limekwisha kumpinga. Medea, mwanamke na mgeni, anawazidi hoja wanaume wote wanaoingia kuzungumza naye.

Tunakataa pia amri ambazo hakuzitoa. Ile sheria ya kwamba mchezo lazima ukae mahali pamoja si yake. Ilipangwa na Waitaliano wa karne ya 16, hasa Castelvetro mwaka 1570, na Wafaransa wakaifanya kamba ya kuwafungia watunzi wao. Aristotle alidai umoja wa tendo. Juu ya muda alisema tu kwamba tanzia hujitahidi kukaa ndani ya mzunguko mmoja wa jua.

Mtunzi wa michezo Bertolt Brecht naye alimpinga Aristotle kwa nguvu: mtazamaji aliyezama katika huruma, alisema, hafikiri. Tunaiheshimu hoja hiyo, na tunajua ilivyowagusa watunzi wetu. Lakini bibi yetu alifikiri. Alifikiri kwa sababu alikuwa amezama katika kisa, na msuko ulipokatika aliujua mwanya ulipo upesi kuliko sisi tulioandika. Na Medea? Baada ya yote haya bado hatuna hakika kwamba gari la Jua ni kosa. Huenda Euripides alitaka tuulize na tukose jibu. Mwenye kuthubutu hivyo na athubutu, ila ajue anachokifanya.

Ahadi zetu

Tunaahidi haya, na yeyote atudai.

Kila kisa kitasimuliwa kabla ya kuchezwa, gizani, bila mavazi, ngoma wala taa. Sura ya 14 inasema anayesikia tu matukio yanavyofuatana anapaswa kutetemeka hata kama haoni kitu. Umeme ukikatika tutashukuru.

Kila mtunzi ataketi pia mahali pa mtazamaji, na kuliona tendo lote kwa macho ya moyo kabla ya kuliandika. Carcinus hakufanya hivyo. Sura ya 17 inasema alimtoa mhusika hekaluni kwa namna ambayo kwenye karatasi haikuonekana kuwa na tatizo, lakini jukwaani watazamaji walikasirika na mchezo ukaanguka.

Hakuna mhusika wetu atakayeondolewa kwa ajali, kwa ugonjwa wa ghafla, kwa barua ya mjomba kutoka ng'ambo wala kwa ndoto, ila kama ajali, ugonjwa, barua au ndoto hiyo ina mzazi ndani ya kisa.

Wanafunzi wetu tutawauliza kwanza nani alimtendea nani nini, na kwa nini isingewezekana vinginevyo. Ujumbe tutaufikia baadaye, na wataukuta wenyewe.

Na vicheko havitatukera. Sehemu ya kazi ya Aristotle iliyohusu komedia imepotea, lakini ukumbi ule ulitufundisha kinachohitajika: watu hucheka pale sababu inapokosekana. Walikuwa na haki.

Mchezo wa shamba tunausuka upya. Tumefumua hadi onyesho la pili, pale ndugu wawili wanapokaa chini ya mwembe kuhesabu mipaka, na mkubwa anaficha jiwe moja mfukoni. Gari tumelibakiza. Sasa tunajua nani alilinunua, na kwa pesa ya nani.